Kirikuu ya kwenda Butiama: Uiendeshe, uikokote au uipandishe lori?

KILA ifikapo Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kanda ya Ziwa hujaa magari ya familia zinazorudi nyumbani. Wapo wanaokwenda kula Krismasi na wazee, wapo wanaokwenda kusimamia kilimo cha pamba na mihogo, na wapo wanaopeleka gari walilonunua ili likafanye kazi kijijini. Kundi hili la mwisho ndilo lenye hesabu ngumu zaidi, kwa kuwa linasafirisha vitu viwili kwa wakati mmoja: familia na mtaji.

Chukua mfano wa familia ya watu saba inayoishi Mbagala, Dar es Salaam, na asili yake ni kata ya Buswahili, Butiama mkoani Mara. Wana gari dogo la familia aina ya Toyota Noah. Kijijini, mdogo wake baba analima mihogo na mahindi, na kila msimu hulipa fedha nyingi kukodi gari la kupeleka mazao kwenye masoko ya Bunda na Musoma. Ndugu wamechangishana, wakauza na ng'ombe wanne, wakanunua Suzuki Carry iliyotumika, ile ambayo kila mtu anaiita kirikuu.

Sasa kirikuu ipo Mbagala, na kazi yake ipo Buswahili, umbali wa takriban kilomita 1,350. Swali linalowagawa ndugu kwenye kikao ni moja: iendeshwe nyuma ya Noah, ifungwe ikokotwe na Noah, au ipandishwe kwenye lori?

Wengi huamua kwa kufuata maneno ya fundi wa mtaani au jirani aliyewahi kufanya hivyo. Lakini hili ni jambo la kukaa chini na kalamu, maana kosa moja linaweza kugharimu zaidi ya bei ya ng'ombe waliouzwa.

Safari yenyewe ikoje

Njia ya kawaida hutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Tinde hadi Shinyanga. Kutoka hapo msafiri ana njia mbili. Anaweza kupita Mwanza na Magu hadi Lamadi, au kukata Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi na kutokea Lamadi bila kuingia Mwanza. Zote zina lami. Kutoka Lamadi ni Bunda, kisha Musoma au njia panda ya Makutano kwa wanaokwenda Butiama.

Vijana wa leo hawajui kwamba kuna wakati swali hili halikuwapo kabisa. Kabla barabara ya kati haijawekwa lami yote katika miaka ya 2000, vipande vya kati ya Dodoma na Nzega vilikuwa havipitiki kwa urahisi wakati wa mvua. Watu wa Mara na Mwanza walizoea kupanda mabasi yaliyozunguka Namanga na Nairobi na kuingia nyumbani kwa mpaka wa Sirari. Wengine walitegemea reli ya kati, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928.

Leo lami ipo, lakini njia bado ina sehemu za kuheshimu. Kati ya Singida na Igunga upo mteremko wa mlima Sekenke, ambao kwa anayetoka Dar es Salaam huwa ni wa kushuka. Kati ya Lamadi na Bunda barabara inapita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, na wanyamapori huvuka. Maeneo haya mawili yatarudi kwenye hesabu hapa chini.

Njia ya kwanza: Kuendesha magari yote mawili

Hofu ya kwanza ya wengi ni kwamba injini ndogo ya kirikuu, yenye ujazo wa cc 660, haiwezi safari ndefu. Hofu hii haina msingi mkubwa. Injini haiuawi na umbali. Inauawa na joto, ukosefu wa oili na mwendo usioendana nayo. Kirikuu inayokwenda kilomita 60 hadi 70 kwa saa, yenye maji na oili safi, hufika.

Tatizo ni kwamba gari lililotumika huwa limekaa muda mrefu kwenye meli, bandarini na kwenye yadi. Kabla ya kuondoka, fundi abadilishe oili na chujio, akague rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, breki za magurudumu yote manne na beringi. Matairi nayo yasitazamwe kwa kina cha kashata peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za tarehe ya kutengenezwa. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2414 lilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2014. Hata likiwa na kashata nzuri, mpira wake umekauka, na joto la lami ya Dodoma mchana ndilo litakalolipasua.

Kwa hesabu, tuchukue bei ya petroli kuwa Sh 3,000 kwa lita. Msomaji aweke bei halisi ya mwezi husika, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kwa kila mji Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Akumbuke pia kwamba mafuta ya Musoma huwa ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji.

Kirikuu ikitumia lita moja kwa kilomita 15, itahitaji lita 90, sawa na Sh 270,000. Dereva wa kuaminika kwa siku tatu, tuseme Sh 50,000 kwa siku, ni Sh 150,000. Nauli yake ya basi kurudi, tuseme Sh 70,000. Malazi ya siku mbili kwa Sh 30,000 ni Sh 60,000, na chakula cha siku tatu kwa Sh 15,000 ni Sh 45,000. Matengenezo kabla ya safari, tuseme Sh 100,000. Jumla ni Sh 695,000.

Siku tatu si anasa. Safari hii inagawanyika vizuri katika vipande vitatu vya takriban kilomita 450 kila kimoja: Dar es Salaam hadi Dodoma, Dodoma hadi Nzega, na Nzega hadi nyumbani. Kwa mpango huo kirikuu haiendeshwi usiku, na kipande cha Lamadi hadi Bunda kinapitwa mchana, wakati nyumbu na pundamilia wanaonekana kwa mbali.

Njia ya pili: Kuikokota

Hapa ndipo ndugu wengi hushawishika. Kuna atakayesema, "Noah inakwenda huko huko, kwa nini tuchome mafuta mara mbili?" Wengine wameona kwenye televisheni familia za Marekani zikisafiri na gari kubwa lenye vitanda na jiko, nyuma likivuta gari dogo la kutembelea mjini.

Wanachokuwa hawajakiona ni maandalizi yake. Kule, gari linalovuta huwa kubwa na zito kuliko linalovutwa, chuma cha kuunganishia hutengenezwa kwa uzito maalumu, na gari la nyuma mara nyingi hufungiwa kifaa kinachobana breki zake pamoja na za gari la mbele. Zaidi ya hapo, mwenye gari husoma kwanza kitabu cha mtengenezaji kuona kama aina hiyo inaruhusiwa kuvutwa ikiwa magurudumu yote yako chini. Magari yetu mengi hutoka Japani na kitabu cha Kijapani, kama kitabu chenyewe kipo.

Sababu ya tahadhari hiyo iko kwenye giaboksi. Katika gari la otomatiki, pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa na gari likavutwa kwa magurudumu yanayosukuma gari, vyuma vya ndani huzunguka vikiwa vikavu. Kilomita chache kwa mwendo mdogo zinaweza kuvumilika, lakini mamia ya kilomita ni kuichoma giaboksi.

Wengi hudhani gari la gia za mkono limesalimika. Si hivyo kwa gari kama kirikuu linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Gia ikiwa huru na injini imezimwa, shafti ya chini ambayo kazi yake ni kurusha oili juu haizunguki, wakati shafti kuu inazungushwa na magurudumu kupitia propela. Matokeo yake, beringi za giaboksi hukaangwa polepole bila dereva wa mbele kusikia chochote. Dawa yake ni kufungua propela shafti kabla ya kuvuta, au kuyanyanyua magurudumu ya nyuma. Kwa gari la kuvuta kwa mbele, hunyanyuliwa magurudumu ya mbele. Kwa gari linalotumia magurudumu yote manne wakati wote, salama ni kulipandisha zima juu ya lori.

Sasa hesabu. Noah peke yake ikitumia lita moja kwa kilomita 10 itahitaji lita 135. Ikivuta kirikuu, tuseme inashuka hadi kilomita 7 kwa lita, itahitaji takriban lita 193. Ongezeko ni lita 58, sawa na Sh 174,000. Chuma cha kuvutia kwa mchomeleaji, tuseme Sh 150,000. Kufungua na kurudishia propela, tuseme Sh 40,000. Jumla ni Sh 364,000.

Kwa karatasi, familia imeokoa Sh 331,000 ikilinganishwa na kuendesha. Ndiyo nafuu inayovutia. Lakini hesabu hiyo inadhani hakuna mtu ndani ya kirikuu. Ikivutwa kwa kamba, lazima awepo mtu kwenye usukani wa kuibana breki, la sivyo itaigonga Noah kila inapopunguza mwendo. Ukimweka dereva kwa siku tatu, na posho, nauli, malazi na chakula chake kama hapo juu, zinaongezeka Sh 325,000. Jumla inakuwa Sh 689,000. Nafuu iliyobaki ni Sh 6,000.

Ikivutwa kwa chuma cha pembetatu bila mtu ndani, itaifuata Noah yenyewe, lakini haitabana breki. Noah yenye watu saba na mizigo itabeba kazi ya kusimamisha magari mawili. Kirikuu tupu ina uzito wa karibu kilo 700. Kwenye tambarare ya Manyoni dereva anaweza asione tofauti. Kwenye mteremko wa Sekenke, nyuma ya lori la saruji, ataiona. Breki zikipata moto hupoteza nguvu, na gari la nyuma huanza kulisukuma la mbele. Giaboksi ya Noah nayo, kama ni ya otomatiki, hupata joto ambalo haikutengenezewa.

Liko pia suala la bima. Aliyekata bima ndogo au bima kubwa amuulize wakala wake, kabla ya safari, kama ajali inayotokea gari likivuta jingine italipwa. Jibu litolewe kwa maandishi.

Njia ya tatu: Kuipandisha lori

Malori yanayoleta Dar es Salaam mchele, pamba na samaki kutoka Kanda ya Ziwa hutafuta mzigo wa kurudi nao. Mwenye lori asiye na mzigo wa kutosha huwa tayari kupunguza bei. Hakuna bei moja ya kutaja, kwa kuwa hupangwa kwa mazungumzo na hubadilika kwa msimu.

Hata hivyo, msomaji sasa anayo fimbo ya kupimia. Kuendesha kirikuu kunamgharimu Sh 695,000. Lori likiitisha chini ya hapo, ni nafuu ya wazi. Likiitisha zaidi kidogo, bado linaweza kufaa, kwa sababu kirikuu inafika bila kuongeza kilomita 1,350 na hakuna dereva wa kuhangaikia. Likiitisha mara mbili ya hapo, afadhali kuendesha.

Mambo ya kuangalia ni machache lakini hayana mbadala. Kwanza, pawepo tuta au daraja la mbao imara la kupandia na kushushia, huku na kule. Magari mengi huharibika wakati wa kushushwa, si njiani. Pili, kirikuu ifungwe kwa mikanda kupitia magurudumu au chasisi, kamwe isifungwe kwa bampa, na iwekwe gia na breki ya mkono. Tatu, tairi la akiba, jeki na redio viorodheshwe au viondolewe, na gari lipigwe picha pande zote mbele ya dereva. Nne, yaandikwe makubaliano yenye namba ya lori, jina la mwenye lori, siku ya kufika na nani atalipa likitokea la kutokea. Malipo yagawanywe, sehemu kubwa ilipwe baada ya kupokea.

Malori hayo hupita kwenye mizani, kama vile Vigwaza, Nala na Njuki, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Mwenye mzigo ahakikishe lori halijazidisha, maana likizuiliwa, kirikuu yake nayo imezuiliwa.

Swali ambalo wengi hawaliulizi

Katika kikao cha ndugu, mjadala huwa juu ya kirikuu itakwendaje. Mara chache mtu huuliza kama Noah inalazimika kwenda.

Noah ikienda pamoja na kirikuu, gharama ya kwenda ni Sh 405,000 za mafuta ya Noah, Sh 695,000 za kirikuu, na vyumba viwili vya familia kwa siku mbili, Sh 120,000. Jumla ni Sh 1,220,000 bila chakula cha familia.

Sasa tazama mpango mwingine. Baba na kijana wake mkubwa mwenye leseni wanaendesha kirikuu kwa kupokezana. Mafuta ni Sh 270,000, matengenezo Sh 100,000, chumba kimoja kwa siku mbili Sh 60,000, na chakula cha watu wawili kwa siku tatu Sh 90,000. Mama na watoto wengine, watu watano, wanapanda basi la moja kwa moja kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Kwa nauli ile ile ya Sh 70,000 ni Sh 350,000. Jumla ni Sh 870,000. Familia imeokoa Sh 350,000, na hakuna dereva wa kukodi.

Kurudi hakuharibu hesabu hiyo. Watu saba kwa basi ni Sh 490,000. Noah kurudi ingetumia Sh 405,000 za mafuta na Sh 120,000 za vyumba, jumla Sh 525,000. Kinachopotea ni uhuru wa kutembelea ndugu kwa gari la familia, na kila nyumba ipime uhuru huo una thamani gani kwao.

Kwa wanaoogopa basi la safari ndefu na watoto, reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inaweza kuondoa theluthi ya kwanza ya safari, kisha wakaendelea kwa basi kutoka hapo.

Kirikuu ijilipie nauli

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna faida nyingine ya kuendesha. Kirikuu inayokwenda tupu ni hasara. Gari la aina hii limetengenezwa kubeba kilo 350. Akipakia kilo 250 za bidhaa zinazotoka haraka Desemba, kama nguo za watoto, vyombo vya plastiki au vipuri vya pikipiki kutoka Kariakoo, gharama ya usafirishaji ambayo angelipa kwenye basi au lori inapunguza gharama ya safari. Risiti za EFD za bidhaa zote zikae mbele, si chini ya mzigo, maana zitaulizwa.

Asizidishe. Kilo 600 kwenye kirikuu yenye matairi ya zamani ni njia ya kulala Igunga bila kupenda. Na nyuma pasipandishwe mtu.

Ikiharibika njiani

Kukokota kunabaki na nafasi yake: kulitoa gari bovu barabarani na kulifikisha kwa fundi wa karibu. Kamba iwe imara, ya mita nne au tano, yenye kitambaa chekundu katikati. Ifungwe kwenye ndoano ya chasisi. Swichi iwashwe ili usukani usijifunge na taa za tahadhari zifanye kazi. Anayekaa kwenye gari la nyuma akumbuke kwamba injini ikiwa imezimwa, breki na usukani wa pawa huwa vizito, hivyo atakanyaga kwa nguvu zaidi. Mwendo usizidi wa baiskeli ya mtu mwenye haraka. Pembetatu mbili za kuakisi ziwemo katika kila gari.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi nje ya lami. Kutoka barabara kuu kuingia vijijini Butiama, mvua za vuli hukuta udongo mweusi wa mbugani, na kirikuu hunasa. Wenyeji huja na maksai, na maksai huvuta polepole bila kushtua, jambo ambalo trekta la dereva mwenye pupa haliwezi. Kazi ya mwenye gari ni kuwaonyesha mapema mahali pa kufunga mnyororo. Bampa liking'oka mita 800 kutoka nyumbani, baada ya kilomita 1,350 za salama, fundi wa Bunda atalipwa fedha iliyokuwa ya mbegu.